Mafuta Ndiyo Yamfuate Mgonjwa

Wiki hii nimepata barua tatu, na zote zinanukia mafuta. Si ya kupikia, ingawa kwetu Singida hayo hayatuachi: msimu wa alizeti ukifika, hata nguo za kanisani hunukia kinu. Nazungumzia mafuta ya kupaka wagonjwa. Nilitaka nizijibu moja moja, nikaona zinaulizana zenyewe kwa zenyewe, basi leo tukae tuongee kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya binti wa Ikungi. Mama yake ana sukari na presha, mwaka wa nne huu. Mwezi uliopita alikwenda mjini kwenye mkutano wa maombezi, akarudi na kichupa cha mafuta, uso unang'aa. Nyumba nzima ikafurahi. Juzi binti anachota uwele kwenye debe ili apeleke mashineni, akakuta vidonge vya mama, vya mwezi mzima, vimefukiwa humo ndani. Alipouliza akaambiwa asilete roho ya kutoamini ndani ya nyumba iliyokwisha kufunguliwa. Anaandika: "Dada, nikinyamaza mama anakufa, nikisema naambiwa ninamtumikia shetani. Niseme nini?"

Mdogo wangu, kabla hujasema neno, kaa upande wa mama kidogo. Miaka minne anakwenda kliniki. Anaamka saa kumi alfajiri, anapanda bodaboda, anakaa kwenye benchi, anaitwa namba. Anapimwa, anaandikiwa, anaambiwa apunguze ugali, kana kwamba kuna mwenye kazi ya shamba anayeshiba mchicha. Halafu siku moja mtu anamshika kichwa kwa mikono miwili, anamwita kwa jina lake, analia naye mbele za Mungu. Unashangaa akirudi uso unang'aa? Lile jambo alilolipata pale ni la kweli. Alishikwa. Usilidharau, maana ukilidharau atafunga mlango, na vidonge utavikuta tena kwenye debe jingine.

Nami sikurushii mawe nikiwa nimekaa juu. Niliwahi kununua kichupa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amelala na homa siku ya tatu, nami nikapita kwanza kwenye uwanja wa maombi kuchukua "upako", ndipo tumfikirie mganga wa zahanati. Elfu kumi. Kichupa cha plastiki, kizibo chekundu, karatasi iliyobandikwa upande ikainama kwa unyevu. Usiku ule nilimpaka kuanzia utosini hadi nyayoni. Kwenye vidole yakabaki kidogo, nikalamba bila kufikiri. Jamani! Yalikuwa mafuta yale yale tunayokaangia mihogo. Alizeti tupu, tena isiyochujwa vizuri. Asubuhi tulimbeba hadi kituo cha afya, wakamtundikia dripu ya malaria, na mganga akaniuliza swali moja tu: "Siku zote hizi mlikuwa wapi?" Kijana alipona. Swali lile bado ninalo.

Ladha ya mafuta, hata hivyo, siyo iliyoniudhi. Mafuta yote yanatoka shambani, ya kanisani na ya jikoni. Kosa langu lilikuwa kwamba mimi ndiye niliyeyafuata, nikamwacha mgonjwa peke yake kitandani.

Fungua waraka wa Yakobo, sura ya tano, pale ambapo wahubiri wote wa uponyaji huanzia. Soma taratibu uone nani anatembea. Mgonjwa anaita. Wazee wa kanisa wanakwenda. Wanaomba wakiwa kwake na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Mwenye homa hajaambiwa asafiri wala kupanga foleni. Wanaochakaza viatu ni wazima. Mimi nimeusikia ukihubiriwa tangu nikiwa na meno ya utoto, na sikumbuki mhubiri aliyeligusia hilo.

Sasa tazama yalivyo siku hizi. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, kwenye uwanja wa mpira, watu waliambiwa wapite wakanyage mafuta ya upako. Walisukumana. Wakafa watu 20, watoto wakiwemo. Hawakufa kwa ugonjwa waliokuja nao. Na wakubwa wenzangu mnakumbuka 2011, Samunge kule Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita. Walikuwemo waliotolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, na wako waliofia njiani au kwenye foleni kabla kikombe hakijawafikia. Wengine walirudi nyumbani wakaziacha dawa zao za kufubaza virusi vya UKIMWI. Simsemi marehemu vibaya. Shilingi 500 si bei ya mtu anayetafuta utajiri. Ninachosema ni kwamba tuliwatembeza wagonjwa.

Kwa hiyo, binti wa Ikungi, hilo ndilo la kumwambia mama. Usimwambie maombi ni uongo. Mwambie: mama, tuwaite waje kwetu. Mchungaji, mzee wa kanisa, padri, yeyote wa kanisa lako, aje akae kwenye kile kigoda, aone na daftari la kliniki. Mtumishi anayekuja nyumbani ana mambo ambayo wa jukwaani hana. Ataona mguu wenye kidonda. Ataona kwamba mama akisimama anashika ukuta. Akishaona, ni vigumu kuropoka.

Akikujia na neno la kutoamini, mjibu kwa Maandiko, kwa upole. Wale wenye ukoma kumi, Yesu aliwaambia nini? Wakajioneshe kwa makuhani. Kuhani wa wakati ule ndiye aliyekuwa mpimaji: anaangalia ngozi, anatoa ruhusa mtu arudi kwake. Basi kama Bwana mwenyewe hakuona haya kumpeleka mponywa akapimwe, mama yako ataonaje haya kutoa tone la damu kidoleni? Kama amepona, kipimo kitashuhudia, na daktari ndiye atakayepunguza dozi. Sukari ikisoma juu, basi vidonge vinarudi mezani na maombi yanaendelea. Ila naomba jambo moja: usimrundikie vidonge vya mwezi mzima ili kufidia alivyoviacha. Mpeleke apimwe kwanza, waambie ukweli kwamba aliacha, tena taja tangu lini. Watamfokea kidogo. Mvumilie, na wewe uwepo.

Barua ya pili imenichekesha, kisha ikanitoa machozi. Kijana wa kigango kimoja huko njia ya Itigi anasema bibi yake ni mgonjwa, wazazi wanataka kumwita padri ampake, lakini bibi amekataa katakata: "Padri akiingia mlango huu, mtanichimbia kaburi na mimi nasikia." Anauliza kama wamlazimishe.

Hapana, msimlazimishe. Lakini ongeeni naye, maana bibi anazungumza kwa mafundisho aliyokulia nayo. Enzi zake jambo hili liliitwa mpako wa mwisho. Padri akionekana jioni na kikasha chake, kijiji kizima kilijua. Wanawake walianza kusaga unga wa msiba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukataka jina lirudi kuwa Mpako wa Wagonjwa, na tarehe 30 Novemba 1972 Papa Paulo VI akatoa hati iliyopanga upya ibada yenyewe. Mwaka huo huo, kwa sadfa, ndio Jimbo Katoliki la Singida lilipoanzishwa. Mwambieni bibi kwamba jimbo letu na mpako huu mpya ni marika, na wote wawili wangali hai.

Katika hati ile kuna kitu ambacho mimi, mtoto wa mkulima wa alizeti, nikikifikiria hutabasamu. Zamani ilikuwa lazima yawe mafuta ya zeituni. Paulo VI akaona kuna nchi ambazo zeituni ni hadithi tu, akaruhusu mafuta mengine, mradi yatokane na mmea. Maana yake, kwa sheria ya Kanisa, hata alizeti yetu inaweza. Ila haiwi mafuta ya wagonjwa kwa sababu mtu ameibandika karatasi. Huyabariki askofu, kwa kawaida kwenye Misa ya Krisma, Juma Kuu, mapadri wake wakiwa wamemzunguka, kisha yanagawanywa yakaenda parokiani. Ikibidi kwa dharura padri naye anaweza kuyabariki. Hayauzwi. Ukiona bei, ujue umefika dukani.

Basi mwambieni bibi kitakachotokea, maana tunaogopa tusilolijua. Padri atasalimia. Huenda akazungumza naye faragha, akitaka kuungama. Atasomewa mstari wa Injili. Padri ataweka mikono juu ya kichwa chake, kimya, na kimya hicho hata watoto hukiheshimu. Kisha atampaka kwenye paji la uso na kwenye viganja, akimwombea. Akiweza atapokea Komunyo. Ni dakika chache. Na si lazima awe wa kufa kesho: mzee aliyedhoofu kwa uzee anapakwa, mgonjwa wa hatari anapakwa, anayesubiri upasuaji mkubwa anapakwa, na hali ikizidi kuwa mbaya baadaye anapakwa tena. Aliyekwisha kufa ndiye asiyepakwa, huyo anaombewa. Ndiyo maana nasema msingoje bibi apoteze fahamu ndipo mpige simu. Parokia zetu ni pana, padri mmoja ana vigango vingi, na masika barabara ya vumbi inageuka uji. Katekista anaweza kuja kusali nanyi leo, na katika vigango vingine huruhusiwa kuleta Komunyo, lakini kupaka hawezi. Hiyo ni kazi ya padri au askofu tu. Kwa hiyo mwambieni katekista mapema. Yeye ndiye mwenye namba ya simu na ndiye anayejua padri atapita lini.

Andaeni meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa. Kama meza hamna, hata stuli inatosha. Na iteni jumuiya. Namkumbuka jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu, siku nyanya yangu alipopakwa. Alikaa mlangoni na shanga zake za tasbihi, hakuingia wala hakuondoka. Tulipomaliza akaleta uji wa ulezi, akasema naye amemwombea dua kwa namna yake. Nyanya alikunywa uji ule wote. Wiki nzima kabla ya hapo hakuwa amemaliza kikombe.

Walutheri wa Iramba na Mkalama, msikunje uso, sijawasahau. Kwenu wako wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, na kule Kiomboi na Iambi wamisheni wa Kilutheri walijenga hospitali. Waliohubiri na waliofunga vidonda walikuwa wa nyumba moja. Kwa Wakatoliki hivyo hivyo: Makiungu ilianzishwa na masista katika miaka ya 1950, Itigi iko ya Mtakatifu Gaspar. Waanglikana wa Manyoni na ndugu zangu walokole, mnajua mnavyoomba, tena usiku kucha. Tofauti zetu za nani apake na jina la ibada tuwaachie wanateolojia. Lakini anayekwambia kwamba sindano ni adui wa maombi, muulize hospitali zote hizi za misheni zilijengwa za nini.

Ya tatu imetoka mpakani, upande wa kwenda Haydom. Baba mmoja. Ameandika kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anayepiga kelele kwenye karatasi. Mtoto wake wa miaka tisa anaanguka. Anatoa povu, anakakamaa, anajikojolea. Wamempeleka kwenye maombezi mara sita. Mara ya sita walimshikilia watu wanne wakimkemea pepo atoke, mtoto akavunjika jino. Mwishoni ameandika: "DADA, NIMECHOKA. MIMI NDIYE SINA IMANI?"

Kaka yangu, naomba unisikilize. Unachokieleza kinafanana mno na kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kinaweza kutokana na malaria kali ya utotoni, na shida wakati wa kuzaliwa, na kuumia kichwa. Na huku kwetu kwenye nguruwe wanaozurura, kinaweza kuletwa na mayai ya tegu yanayoingia mwilini yakajenga vifuko kwenye ubongo. Kina dawa, za kumeza kila siku bila kuruka, na wengi wakizitumia vizuri huacha kuanguka au huanguka mara chache. Haydom ni hospitali ya Walutheri, imekuwepo tangu 1955, na kifafa wanakijua. Nenda. Akianguka tena kabla hujafika, mlaze ubavu, ondoa mawe na moto karibu yake, weka nguo chini ya kichwa. Usimshikilie. Usimtie kijiko mdomoni. Lile povu haliambukizi, msimkimbie. Akipitisha dakika tano bado anakakamaa, au akianguka tena kabla hajazinduka, usisubiri kuche.

Na maombi? Endelea nayo. Mwombee kila usiku, mshike kichwa. Mwite padri au mchungaji wako amwekee mikono. Lakini kwa upole, mtoto akiwa amekaa mapajani mwako. Mikono inayoombea haimvunji mtoto jino.

Kuhusu imani yako: swali hilo ndilo linalonikosesha usingizi, maana nalisikia kila msiba. Mgonjwa anaombewa, haponi, na mara maneno yanaanza. Hakuamini. Ana dhambi ya siri. Mke ndiye aliyezuia. Mgonjwa anakufa mara mbili. Sasa nikuulize. Paulo aliyewaponya wengine, mwiba wake aliomba uondolewe mara tatu; uliondoka? Timotheo alikuwa na tumbo bovu, na Paulo hakumtumia kitambaa cha upako, alimshauri anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, imeandikwa wazi, bila neno moja la kumlaumu. Na yule Msamaria tunayemsifu kila Jumapili, alimimina mafuta na divai kwenye vidonda, kisha akafanya nini? Akampandisha mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akatoa hela mfukoni, akaahidi kurudi kulipa zaidi. Mafuta yalikuwa mwanzo wa gharama.

Huo ndio uchungu wangu na vichupa vya elfu kumi. Vinatupa njia ya kumaliza habari ya mgonjwa haraka. Ukishanunua, umefanya sehemu yako. Akipona ni upako, asipopona ni yeye. Lakini mzee wa kanisa aliyekuja kwako Jumanne atarudi Jumanne nyingine. Atakuuliza kama umekula. Akikuta umezidiwa, yeye ndiye atakayetafuta gari. Jimboni hata wana siku yake: tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, parokia nyingi hupaka wagonjwa kwa pamoja kwenye Misa. Ni nzuri, ninaipenda. Ila mwenye kulala kitandani kabisa siku hiyo haji, na huyo ndiye hasa wa kufuatwa.

Kuna msomaji aliyenitumia ujumbe mfupi tu: padri akija apewe shilingi ngapi? Hakuna bei. Ukiwa na kuku, sadaka ya hiari haikataliwi, na kumchangia mafuta ya pikipiki ni ubinadamu, hasa akitoka mbali. Usipokuwa na kitu, mpe maji ya kunywa na kiti cha kukalia.

Sasa nirudi kwako, binti wa Ikungi, maana wewe ndiye mwenye haraka. Usivitoe vile vidonge kwenye debe mbele za wageni. Mama asiaibike. Mwambie usiku, wawili tu, kwamba umeviona na hukumwambia mtu. Kesho yake mwendee mchungaji wake mwenyewe, yule wa kanisani kwake, si wa jukwaani, umwombe aje nyumbani. Akishaomba, aseme kwa kinywa chake kwamba dawa ziendelee. Maneno hayo kutoka kwake yana uzito ambao wewe na mimi hatuna. Kisha mshike mama mkono mwende kliniki siku hiyo hiyo, msisubiri tarehe iliyoandikwa. Wakimwita namba, wewe simama umjibie kwa jina lake. Daftari usilisahau. Na uniandikie sukari imesoma ngapi.